Wavu Ulioanikwa Juani

Mimi sianiki dagaa mchangani. Hilo mwaloni kwetu hapa Musoma, mitumbwi inakoshusha samaki, wanalijua, na wapo wanaonicheka. Wananiita Bi Usafi, tena kwa kubinua midomo, lakini wateja wakishuka wanawapita hao hao na kuja kwangu, kwa sababu anayekula dagaa zangu mimi Mwanaupe hasikii mchanga kwenye meno. Sina mali nyingine ya kujivunia. Nina jina hilo tu.

Kwa hiyo naanika juu ya nyavu. Na kwetu kuna desturi ambayo hata sijui ilianzishwa na nani: wavu ukikutwa umetandazwa juu ya mwamba na mwenyewe hayupo, yeyote aliyewahi alfajiri anaanika. Haombi ruhusa. Jioni akishazoa dagaa zake anamwachia mwenye wavu mboga ya siku, anaifunga vizuri na kuiwekea jiwe ndege wasiichukue. Sijawahi kusikia watu wakigombana kwa jambo hilo, na sisi watu wa mwaloni tunagombana kwa mambo madogo kuliko hilo.

Sasa nianze na mdogo wangu Abdulkadiri, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Ni fundi wa mitumbwi. Akikuunganishia mbao, maji hayapiti hata uyatume kwa makusudi. Ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kizima kikitupwa. Nyumba yake imejaa misumari iliyonyooshwa, vipande vya turubai na makopo ya rangi zisizojulikana zilitoka wapi. Marehemu mke wake alikuwa akisema kwamba siku akifa yeye, mumewe atauhifadhi hata ugonjwa uliomuua, huenda ukafaa kwa kitu.

Masatu, mwenyekiti wa kikundi cha kufuga sato kwenye vizimba, alimjia na shida. Nyavu za vizimba zilikuwa zinaota majani na kushikwa na konokono mpaka maji hayapiti, samaki wanakosa hewa, na kila mara lazima mtu azame kuzisugua. Abdulkadiri akakumbuka pipa la rangi nyekundu alilolinunua kwa muuza vyuma chakavu. Lilitoka kwenye meli iliyokatwakatwa, na muuzaji alimwapia kwamba chombo kikipakwa rangi ile, konokono hata hasogei. Abdulkadiri akaupaka wavu mmoja wa kujaribia, akaukausha, ukashushwa majini.

Na kweli konokono hawakusogea. Wavu ulikaa safi miezi kadhaa, na fundi wetu akasifiwa mpaka akaanza kutembea kifua mbele. Kisha watu wakaona maganda ya konokono matupu kwenye mawe ya jirani, mengi mno. Vifaranga wa sato wakakonda, wakaanza kuelea tumbo juu. Masatu akaita watu wa idara ya maji, akaja binti mmoja anaitwa Bhoke, mwenyeji wa Butiama, mtaalamu wa maabara. Alichota maji, akachota na matope, akayapeleka mbali kupimwa. Majibu yalichukua muda mrefu kuja.

Siku aliyorudi tulikusanyika mbele ya stoo ya kikundi, wanachama na sisi majirani tuliokuja kusikiliza yasiyotuhusu. Abdulkadiri alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kichwa chini, kama mtu aliye msibani.

"Kwenye ile rangi kuna bati," alisema Bhoke. "Bati peke yake halina neno, hata makopo ya vyakula yanapakwa ndani. Ila hili limeungwa na vitu vingine, tuseme lina mikono mitatu. Hiyo mikono ndiyo inalisaidia kuingia mwilini, kwa konokono, kwa samaki, hata kwa mtu. Rangi hii kwenye meli ilishapigwa marufuku zamani."

"Sasa maji yetu ndiyo yamekufa?" Masatu aliuliza.

"Hapana, mzee." Bhoke alinyoosha vidole vitatu. "Jua lina mwanga ambao macho yetu hayauoni, unaitwa urujuanimno. Ukilipiga bati hili unavunja mkono mmoja." Akakunja kidole. "Ukiendelea unavunja wa pili, halafu wa tatu. Kila mkono unaotoka, sumu inapungua. Mwisho linabaki bati tupu, ambalo halina shida kubwa."

Nilimwona Abdulkadiri akiinua kichwa. Uso wake ulifunguka, nami nikamfurahia, maana tangu samaki waanze kufa nilikuwa sijamwona akitazama watu machoni.

"Lakini mwanga huo hauendi mbali," Bhoke aliendelea. "Angalieni maji yetu, ni ya kijani, yana tope. Juu juu jua linafanya kazi. Ukishuka kidogo tu halifiki, na sumu iliyokwisha tulia kwenye matope inaweza kukaa miaka, kwa sababu kule ni giza. Wavu wenyewe utoeni, muufungie stoo, msiushike kwa mikono mitupu. Tutatafuta namna ya kuja kuuchukua."

Hayo ya mwisho mdogo wangu hakuyasikia. Masikio anayo, lakini yalikuwa yamekwisha shiba yale ya mwanzo.

Masatu hakumlaumu, na nadhani hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angetukanwa angetukana, yakaisha. Jioni mdogo wangu alikuja kwangu, akaacha ugali upoe, akasema, "Dada, umesikia mwenyewe. Jua linamaliza."

"Nimesikia na mengine."

"Mengine wasomi wanasemaga tu, wasije kuulizwa baadaye."

Nikamwambia ale chakula aache ujinga. Yaliyofuata niliyajua baadaye. Ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye, maana nyavu zote za kikundi anazishona yeye. Akauchukua ule wavu uliofungiwa, akafumua mishono iliyoupa umbo la kizimba, ukawa wavu bapa kama nyavu zote. Akautandaza juu ya miamba ya nyuma, ambako jua halina kizuizi. Alitaka siku moja amrudishie Masatu wavu wake ukiwa hauna sumu, aseme mbele ya wote: nimeharibu, nimetengeneza. Basi. Hakuwa na nia nyingine, na mpaka leo nikikumbuka nia yake hasira zangu zinakosa pa kukaa.

Kisha akapigiwa simu kutoka Suguti, kuna mtumbwi umepasuka. Akaenda, wavu akauacha pale.

Alfajiri nikaja na beseni zangu. Mahali pangu palikuwa pameshikwa na wengine, nikazunguka nyuma, nikauona. Wavu mpana, mzima, hauna hata tundu la kupitisha kidole cha mtoto, rangi imepauka kama udongo. Mwenyewe hayupo. Nilisema Alhamdulillahi kwa sauti. Wa kizimba sikuufikiria hata kidogo. Huo nilijua uko stoo, umefungiwa, na mimi nilikuwa nimeuona ukiwa furushi jekundu linalodondosha maji.

Jua la siku ile lilikuwa kali, lile la kumfanya mbuzi atafute kivuli cha jiwe. Kufika alasiri dagaa zangu zilikuwa zimekauka, zinang'aa. Wakati wa kuzizoa niliona vumbi jekundu kwenye vidole, nikadhani ni la mwamba. Nikazipepeta kwenye ungo mara mbili. Bi Usafi! Mwenye wavu nikamchagulia dagaa kubwa kubwa, nikazifunga kwenye kipande cha kanga yangu kuukuu, nikaweka jiwe juu. Asubuhi yake magunia yakapanda gari kwenda Bunda, kwa Samia.

Samia ni binti wa pekee wa Abdulkadiri. Ameolewa Bunda na ana mashine ndogo ya kusaga unga wa lishe: mtama, mahindi, karanga, na dagaa ndani yake. Kina mama wananunua kwa ajili ya uji wa watoto. Dagaa za mtu mwingine hataki, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye uji mtoto anatema. Kila akinipigia ananiambia, "Shangazi, watoto wa Bunda wanakusalimia."

Abdulkadiri alirudi kutoka Suguti siku moja baada ya magunia kuondoka, mchana. Nilikuwa uani nasuuza beseni. Hakutoa salamu. Alikuwa ameshika kile kipande cha kanga kwa ncha za vidole.

"Dada, hii kanga ni ya kwako?"

"Kumbe wavu ule ni wako!" Nikacheka. "Ungesemaga mapema. Wavu mzuri vile unauficha kule nyuma? Haya, hiyo ndiyo mboga yako, nimekuchagulia mwenyewe."

Akakaa kizingitini. "Ule ndio wa kizimba," akasema.

Nilitafuta tusi la kumrushia sikulipata, na mimi huwa sikosi tusi.

"Nyingine ziko wapi?" aliniuliza.

"Bunda. Kwa Samia."

Akaanza kusema haraka haraka, kama mtu anayeziba tundu la mtumbwi huku maji yanaingia. "Lakini ulikuwa juani, dada. Jua lile la juzi si uliliona? Hata mwamba ulikuwa unachoma nyayo. Yule binti alisema mwenyewe, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Itakuwa imekwisha."

"Upande wa chini uliugeuza?"

"Nilisema nikirudi ndio niugeuze."

"Na ndani ya mafundo, jua liliingia?"

Akasema tu, "Itakuwa imekwisha. Tusiwatie watu hofu. Wewe jina lako litachafuka, mimi ndio kabisa, na huyo mtoto biashara yake itakufa. Kwa kitu ambacho jua limeshamaliza!"

Niseme kweli, maneno yale yalinivuta. Miaka yote nimepepeta, nimechambua, nimechekwa, halafu Bi Usafi ndiye aonekane amelisha watoto sumu? Nilijiona nikinyamaza. Nilijiona kabisa nikianika beseni na kuendelea na siku yangu. Na kwa sababu nilijiona hivyo, nikapandwa na hasira, nikaifungua ile kanga mbele yake.

"Sawa. Kama jua limemaliza, kula."

Nilitaka ainamishe kichwa. Nilitaka aseme, umeshinda dada, tupige simu. Badala yake akachota dagaa, akatia mdomoni, akaanza kutafuna huku ananitazama machoni.

Sikumbuki niliwezaje kuruka beseni. Nilijikuta nimemshika taya kama mtoto aliyemeza kifungo, kidole changu kimo mdomoni mwake, napiga kelele, "Tema! Abdulkadiri, tema!" Akatema kwenye kiganja changu. Nikaleta maji, akasukutua, nikaleta mengine, akasukutua tena. Tukabaki tumekaa chini, watu wazima wawili wenye mvi, tunahema.

"Kwa hiyo wewe huamini," akasema.

"Siamini. Wewe uliamini?"

Alijifuta ndevu kwa mkono. "Nilikuwa natamani iwe hivyo," akasema.

Nilipiga simu Bunda. Samia alipopokea nilimwambia baba yake ana neno, nikamkabidhi mdogo wangu simu.

"Samia. Dagaa za shangazi yako usizisage."

Sauti ya mtoto yule ni kubwa, nilimsikia vizuri. "Gunia moja nimeshasaga, baba. Zimenoga kweli! Asubuhi hii wamama wangu wamekujaga kuchukua wote."

Nilidhani atanirudishia simu. Hakunirudishia. Alimweleza binti yake yote, kuanzia lile pipa mpaka wavu juani. Kisha nikasikia Samia akisema, "Njooni."

Kabla hatujatoka Abdulkadiri aliufungia ule wavu stoo, nami nikampigia Bhoke. Hakupandisha sauti. Aliuliza wavu ulikaa juani muda gani, uligeuzwa au la, dagaa zilikuwa mbichi kiasi gani. Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Mwanangu, jua limemaliza au halijamaliza?"

"Mama, sijui mpaka nipime. Huenda limepunguza kwa juu. Lakini dagaa mbichi zina maji na mafuta, na sumu hii inapenda mafuta. Watoto hatuwezi kuwangojesha majibu. Kusanyeni unga wote na dagaa zote. Msimwage ziwani, msichome, msiwape kuku. Fungeni vizuri, tutakuja. Na aliyekwisha kula apelekwe hospitali, waelezwe ni kitu gani."

"Bakuli moja la uji litamdhuru mtoto?"

"Naamini ni kiasi kidogo sana. Ila kukuapia siwezi, mama."

Nilimpenda kwa jibu hilo na nilimchukia pia. Nilitaka mtu wa kuniapia.

Tulifika Bunda jua likiwa bado juu. Samia alikuwa amefunga mlango wa mashine, magunia ameyafunga midomo na kuyasogeza kona moja. Alimpa baba yake shikamoo bila kumtazama usoni. Akajifunga kanga vizuri akasema nyumba zote anazijua, tuanze na za karibu.

Kwenye mlango wa kwanza nilijitia mbele mimi. Nilisema unga wa leo una kasoro kidogo, tunaomba tuurudishe, samahani kwa usumbufu. Abdulkadiri akanigusa bega, akanisogeza pembeni.

"Mama, mimi naitwa Abdulkadiri, ndio baba yake Samia. Niliupaka wavu rangi yenye sumu, sikujua. Nikauanika juani nikisema sumu itakwisha, na hapo nilikuwa nimeshaambiwa uwe stoo. Dada yangu akaanika dagaa kwa kutojua. Ndizo zilizomo kwenye huo unga. Msile."

Hivyo hivyo, nyumba hadi nyumba. Hakupunguza wala hakujitetea. Mama mmoja alitushukuru akatukaribisha maji. Mwingine aliuleta unga, akautupa miguuni petu, akafunga mlango. Mwingine alimgeukia Samia, akamwita majina ambayo siyarudii, na Samia akasimama akayapokea yote, macho chini. Hapo ndipo nilipomwona ndugu yangu akizeeka. Nilitamani kumshika mkono nikaona aibu, mbele za watu.

Mpaka hapo kila mmoja alikuwa bado hajapika, kwa sababu waliununua asubuhi na uji wa siku ile ulikuwa umekwisha pikwa kwa unga wa zamani. Nikaanza kupumua. Nikaanza hata kumtania Samia kwamba kumbe wateja wake ni wavivu, namshukuru Mungu kwa uvivu wao.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya msichana anaitwa Raya. Alitoka na mtoto mgongoni, wa kiume, mnene, ana meno mawili. Alimsikiliza Abdulkadiri mpaka mwisho, kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa unga. Ulikuwa umefunguliwa.

"Alikuwa analia njaa," alisema. "Nimempikia mchana. Amemaliza bakuli lote."

Mtoto alikuwa anatuchungulia juu ya bega la mama yake.

"Sasa itakuwaje, baba?" Raya alimuuliza Abdulkadiri. Hakuniuliza mimi wala Samia. "Mwanangu atakuwaje?"

Nilijua mdogo wangu ana maneno. Angeweza kusema ni kidogo, Bhoke amesema ni kidogo sana. Angeweza kusema jua lilikuwa kali. Nilimwona akifungua mdomo, na moyoni nilikuwa namwomba aseme lolote la kumtuliza huyu binti, hata la uongo.

"Sijui, mama," alisema. "Mtaalamu anaamini ni kidogo, lakini hawezi kuapa. Na mimi sijui."

Raya akafungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa mdogo wangu.

"Basi mbebe wewe," alisema. "Ngoja nifunge mlango. Twende hospitali, na daktari utamwambia mwenyewe."

Akampokea. Mtoto hakulia. Aliutazama ule uso mgeni, akaona ndevu, akazishika kwa mikono yote miwili, akacheka kwa sauti. Abdulkadiri akasimama pale uani na machozi yanamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.